Kivuli cha Ukutani na Kivuli cha Usoni

Katika albamu za harusi zilizopigwa ndani ya nyumba, aghalabu hukutwa picha ambayo kila kilichomo ni kizuri, mavazi yamekaa sawasawa, hina imekoza, bibi arusi ametulia kwa haya iliyompasa, lakini nyuma ya shavu lake, juu ya ukuta mweupe, umesimama utepe mzito wa weusi uliofuata umbo la kichwa na bega, hata yeye mwenyewe akaonekana kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa hapo. Utepe huo haukuwako chumbani. Mama aliyemvisha hakuuona, wala shoga zake waliomzunguka hawakuuona, kwa kuwa ulizaliwa na flashi katika muda ulio mfupi kuliko jicho kufumba, ukatoweka pamoja nayo, na mahali pekee uliposalia ni ndani ya picha. Madhali si sehemu ya mtu wala ya mahali, ni haki kuuondoa. Na kwa kuwa programu za kuhariri picha zimo leo katika kompyuta na simu za watu wengi, kuuondoa kumekuwa kazi awezayo kujifunza yeyote mwenye subira. Walakini si kila kivuli kilicholetwa na flashi kinastahiki kufutwa, na anayefuta vyote bila ya kubagua humharibia mtu sura yake akidhani anamtengenezea.

Asili ya kivuli hiki ni udogo wa taa. Mwanga utokao mahali papana, mfano wa mbingu yenye mawingu au dirisha kubwa lisiloingiza jua moja kwa moja, humfikia mtu kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja, hata panapozuiwa miale ya upande huu hupenya miale ya upande ule, na kivuli hulainika mpaka kisijulikane kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Flashi ya kamera ina uso wa sentimita chache tu, na ya simu ni ndogo zaidi. Miale yake yote hutoka mahali pamoja, ikikingwa imekingwa yote, na ukingo wa kivuli hukatika kwa makali.

Jambo la pili ni masafa. Tuseme taa imekaa sentimita 10 ubavuni mwa lenzi, mtu amesimama mita 2 mbele ya kamera, na ukuta uko sentimita 20 nyuma yake: kivuli kitachungulia kwa upana wa sentimita 1 kando ya kichwa, chembamba, cheusi, chenye makali, nacho ndicho kile kinachochukiza. Mtu yuleyule akisogea mbele, na kamera ikarudi nyuma pamoja naye, mpaka ukuta ukawa mita 2 nyuma yake, kivuli kitateleza sentimita 10, na huenda kikatoka nje ya picha au kikajificha nyuma ya mabega. Kingo zake zitatawanyika kwa kadiri ya upana wa taa yenyewe. Na ukuta, kwa kuwa sasa uko mbali na taa mara mbili kuliko alivyo mtu, utapata robo tu ya nguvu ya mwanga anayoipata yeye, kwani nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa masafa. Mabadiliko yote haya yameletwa na hatua mbili au tatu za miguu, na hakuna programu iliyowahi kufanya kazi safi kuliko hizo.

Lakini si kila nyumba inatoa nafasi ya hatua hizo. Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja zilijengwa kwa dari za boriti za mikoko, na kwa sababu boriti haziwezi kubeba dari yenye upana wa kupita mita 3 hivi, vyumba vilifanywa virefu lakini vyembamba, na kuta zikapakwa chokaa. Mpiga picha aingiaye humo hulazimika kuegemeza mgongo wake ukuta huu na kumweka anayepigwa karibu na ukuta wa pili. Kisha huigeuza kamera wima ili amchukue mtu kwa urefu wake, na flashi iliyokuwa juu ya lenzi ikawa imekwenda ubavuni, ikakisukuma kivuli pembeni ya kichwa ambako hakuna cha kukificha. Hapo masharti yote ya kivuli kibaya yamekutana: taa ndogo, ukuta wa karibu, ukuta mweupe, na taa iliyokaa ubavuni. Ndiyo maana naamini kwamba wapiga picha wa pwani wanahitaji ujuzi huu kuliko wengi wengine.

Tatizo lenyewe si geni. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesi uliowaka kwa kishindo na moshi, na tangu hapo ikawa rahisi zaidi kupiga picha gizani. Mwaka 1929 ikaja balbu ya flashi, nayo pia kutoka Ujerumani, na miaka michache baadaye Harold Edgerton wa chuo cha MIT huko Marekani akaleta mmweko wa umeme, ambao ndio babu wa flashi za kamera za leo. Kadiri flashi zilivyoendelea, taa ilizidi kuwa ndogo, nyepesi na ya karibu na lenzi, na kwa hiyo kivuli kilizidi kuwa kikali. Kusahihisha picha ni kwa zamani kuliko flashi yenyewe: Franz Hanfstaengl wa Munich alionyesha negativu aliyoisahihisha kwa mkono katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1855, na kwa zaidi ya miaka mia baada yake mafundi wa studio waliketi mbele ya kioo chenye mwanga, penseli iliyochongwa kwa ncha kali mkononi, wakilainisha vivuli vya uso nukta kwa nukta. Programu zimebadili chombo tu. Jicho linalotakiwa ni lilelile.

Yafaa kusema kwanza yale ya kufanya kabla ya kupiga, kwa ufupi, kwa kuwa kila kivuli kisichopigwa ni kazi isiyofanywa. Msogeze mtu mbele kadiri chumba kinavyoruhusu. Ikiwa flashi yako hugeuka shingo, ielekeze darini au katika ukuta mweupe wa ubavuni, ili ukuta huo mzima uwe ndio taa; lakini uangalie rangi yake, maana ukuta wa kijani utamrudishia mtu mwanga wa kijani, na dari ya boriti nyeusi haitamrudishia kitu. Ikiwa flashi haigeuki, ishike kamera kwa mlalo ili kivuli kishuke nyuma ya mabega, na kama huna budi kuisimamisha wima, mwombe anayepigwa aelekeze uso upande ule ule iliko taa, kwani kivuli kitaangukia nyuma ya kisogo ambako hakiudhi sana. Na kama kuna dirisha na saa za mchana bado zipo, izime flashi kabisa.

Sasa tuseme picha imekwisha pigwa, harusi imepita, na kivuli kipo. Programu mbili ndizo zinazotajwa zaidi katika kazi hii. Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili Thomas na John Knoll na kutolewa mwaka 1990, ndiyo inayotumiwa na studio nyingi, nayo ni ya kulipia. GIMP, iliyoanzishwa na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na kutolewa mwaka 1996, hupatikana bure kwa njia halali, na yote nitakayoyaeleza hapa inayaweza. Kwa anayeanza ningemshauri achukue hiyo ya pili kuliko kutumia nakala ya wizi ya ile ya kwanza. Simu nazo zina programu zake, mojawapo ikiwa Snapseed ya Google, ambazo zafaa kwa kivuli chepesi juu ya ukuta mtupu. Kazi ngumu zaidi zinataka kioo kikubwa na mkono uliotulia juu ya kipanya.

Kabla ya lolote, hifadhi picha ya asili mahali pake na usiiguse tena. Fanya kazi juu ya nakala, na ndani ya nakala fanya kazi juu ya tabaka. Tabaka ni karatasi angavu ya kidhahania iliyolazwa juu ya picha: unachokifanya juu yake kinaonekana, lakini kilicho chini hakidhuriki, na ukijutia waweza kuliondoa kama kwamba halikuwako. Pamoja na tabaka huenda barakoa, ambayo huamua ni sehemu gani ya tabaka ionekane na ipi isitirike. Ukiipaka nyeupe panaonekana, ukiipaka nyeusi panafichika, na ukiipaka kijivu panaonekana nusu. Anayevielewa viwili hivyo ameshika funguo za kazi yote.

Kivuli cha ukutani kina kingo mbili, na hili ndilo jambo ambalo wengi hawalitambui, na kutolitambua kwao ndiko kunakoziumbua kazi zao. Ukingo wa ndani ni pale kivuli kinapokutana na mwili: shavu, sikio, bega. Ukingo huo ni wa mwili wala si wa kivuli, nao ni mkali kwa kadiri picha ilivyo kali. Ukingo wa nje ni pale kivuli kinapokutana na ukuta uliopata mwanga, nao ni laini kidogo au sana kulingana na masafa tuliyokwisha kuyataja. Mtu akikizungushia kivuli chote mstari mmoja wa kuchagua na kuulainisha kwa kipimo kimoja pande zote, basi ama atapata ukingo wa nje wenye makali usiofanana na ukuta, ama ukingo wa ndani uliolainika mno, na mwanga alioumwaga ukutani utavuja juu ya shavu na kumzunguka mtu kwa utando mweupe wa uongo. Njia iliyo sawa ni kuichora barakoa kwa brashi mbili: ngumu, ya upana wa pikseli chache, kwa upande wa mwili, na laini, pana, kwa upande wa ukuta. Kazi hii ni ya polepole, na ifanywe picha ikiwa imekuzwa hata chembe zake zionekane.

Baada ya barakoa huja kunyanyua mwanga. Katika programu hizi kuna chombo kinachoonyesha mraba wenye mstari uliolala kwa mshazari kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia. Ukiukamata mstari katikati na kuuvuta juu, sehemu iliyochaguliwa hung'aa, na ukiuvuta chini hufifia. Vuta mpaka kivuli kilingane na ukuta wa jirani. Hapo utaona jambo la kushangaza: weusi umekwenda, lakini doa limebaki, la manjano au la buluu au la kijani. Sababu yake ni hii. Mahali palipoangazwa na flashi pana rangi ya flashi, ambayo hukaribia rangi ya jua la mchana, kelvini 5500 hivi. Lakini ndani ya kivuli flashi haikufika, na mwanga mdogo uliomo humo umetoka katika taa za chumba. Kama chumba kina balbu ya zamani ya waya, yenye kelvini 2700 hivi, kivuli kimejaa umanjano uliokuwa umefichwa na weusi. Kama kina taa ndefu za mirija, huenda kikawa na ukijani. Kama mlango u wazi kwa mbingu ya buluu, kitakuwa na ubuluu. Kwa hiyo kunyanyua mwanga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurekebisha rangi ndani ya barakoa ileile, na chombo kilekile cha mshazari kinafaa, kwani waweza kuuchagua mstari wa nyekundu, wa kijani au wa buluu peke yake: umanjano huondoka kwa kupandisha buluu, ubuluu kwa kuishusha, na ukijani kwa kushusha kijani. Pima kwa macho, lakini usiyaamini peke yake. Chukua kile kidude chenye umbo la bomba la dawa, kigusishe ukuta uliong'aa kisha pale palipokuwa na kivuli, usome nambari tatu za rangi, na usiridhike mpaka zikaribiane.

Na hapo tena huibuka ila nyingine. Sehemu iliyokuwa gizani ilipokea mwanga kidogo, na kwa hiyo kamera iliandika humo habari chache. Zikikuzwa, huonekana chembechembe na mikunjo ya rangi iliyokatikakatika. Picha ya kawaida ya JPEG huhifadhi daraja 256 tu za mwanga kwa kila rangi, ilhali faili ghafi la kamera nyingi, lenye biti 14, huhifadhi daraja 16,384. Mpiga picha anayejua kwamba chumba ni chembamba na ukuta ni wa karibu afanye busara ya kupiga kwa faili ghafi, maana hapo ndipo tofauti ya aina hizi mbili inapodhihiri.

Penye ukuta wenye nakshi, nyufa au madoa ya chokaa, kunyanyua mwanga huhifadhi nakshi hizo, na ndiyo sababu naipendelea njia hiyo kuliko nyingine. Lakini kivuli kikiwa cheusi mno hata hakuna kilichosalia ndani yake, hapana budi kuazima ukuta wa mahali pengine. Kuna zana mbili za kuazimia, na alama zake zinajieleza zenyewe: moja ina picha ya muhuri wa mkono, nyingine ina picha ya plasta ya kidonda. Muhuri huchukua kipande cha ukuta safi na kukipiga juu ya kivuli kama kilivyo, mwanga wake na rangi yake. Plasta huchukua nakshi tu, kisha huukisia mwanga na rangi kutokana na majirani wa mahali inapopakwa. Kwa hiyo plasta ni bora katikati ya ukuta, ambako majirani wote ni ukuta. Lakini ukiipeleka karibu na shavu au kilemba italihesabu shavu kuwa jirani pia, na itaupaka ukuta tope la rangi ya ngozi. Karibu na mwili tumia muhuri, mbali na mwili tumia plasta, na usichukue kipande kilekile mara nyingi, kwani jicho la mtazamaji ni jepesi kutambua doa lililojirudia.

Nywele ndizo zinazomtoa fundi jasho. Kofia ya viua ina ukingo ulionyooka, na mtandio pia, lakini nywele zilizochambuliwa au kuachwa huru hazina ukingo bali zina msitu, na kati ya unywele na unywele kivuli huchungulia. Usijaribu kuzikata kwa mstari; atatoka mtu aliyevaa kofia ya nywele. Hapa tumia hila iliyotokana na maumbile yenyewe: unywele mweusi aghalabu ni mweusi kuliko kivuli kilicho juu ya ukuta mweupe. Rudi katika ule mstari wa mshazari, uufunge chini kabisa kwa nukta moja ili weusi wa nywele usiondoke mahali pake, kisha unyanyue sehemu iliyo juu kidogo ya nukta hiyo, ambako ndiko kilikokaa kivuli. Kivuli kitapanda mpaka ukutani na nywele zitabaki zilivyo, kila unywele na mahali pake, bila ya wewe kuchora hata mmoja. Mwenye buibui jeusi hupatwa na shida tofauti kidogo, kwa maana nguo na kivuli huenda vikalingana kabisa kwa weusi hata kamera isijue mpaka. Hapo fundi hana auni ila mkono wake, achore ukingo wa bega kwa kuufuata ukingo wa upande wa pili ulio bayana.

Wapo wanaoona ni rahisi zaidi kuutupa ukuta wote na kuweka mandhari mpya nyuma ya mtu. Si jambo la aibu. Huko Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alipata sifa kwa picha zake za kuunganisha, ambamo sura ya mteja ilitiwa katika mandhari isiyokuwa yake, nazo hazikujificha kwamba ni kazi ya sanaa. Ila anayetaka picha yake iaminike azingatie kwamba mandhari mpya sharti iwe na mwanga utokao upande uleule unaouangaza uso, na chembe za ukali uleule, na kwamba kivuli kilicho chini ya miguu au chini ya kiti kisifutwe kamwe. Hicho ndicho kinachomweka mtu sakafuni, kikiondoka huelea.

Na sasa tufike usoni, ambako yafaa mkono uzuiwe. Vivuli vya usoni ni vya namna mbili. Kipo kilicholetwa na kitu kingine: fremu ya miwani iliyopiga mstari juu ya shavu, ncha ya mtandio iliyotia giza nusu ya paji, mkono wa mpambaji uliopita mbele ya taa. Hicho ni mgeni sawa na kile cha ukutani, na kiondolewe kwa njia zilezile, kwa uangalifu mara mbili. Lakini kipo pia kilicholetwa na uso wenyewe: kile kilicho chini ya pua, kile kilicho chini ya kidevu kinachotenga uso na shingo, vile vilivyo katika mashimo ya macho na kandokando ya mdomo. Hivi ndivyo vinavyomwambia mtazamaji kwamba pua imeinuka na kidevu kimetokeza. Ukivifuta, pua inalala, kidevu kinayeyukia shingoni, na mama hatamtambua mwanawe ila kwa nguo. Vinaweza kulainishwa, kwa kuwa flashi imevikoleza kupita kiasi, wala havifai kuondolewa. Tandika tabaka la kijivu cha kati juu ya picha, ulichanganye kwa namna ya mwanga laini, kisha upake nyeupe kwa brashi pana yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 10, kidogo kidogo, ukirudia pale panapohitaji. Kisha ukuze picha, uipunguze, uondoke mezani, urudi, uitazame upya. Kivuli cha pua kikiwa kimepungua kwa theluthi moja, mimi naona kimetosha.

Kuna sababu nyingine ya kuzuia mkono, nayo inatugusa sisi zaidi. Kwa miongo mingi maabara za picha duniani zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikawa ni jambo la kubahatisha. Kadi zile zimepitwa na wakati, lakini mazoea ya kudhani kwamba uso uliong'aa zaidi ndio uso uliosahihishwa hayajapita. Flashi inayojipimia yenyewe, ikikuta ukuta mweupe karibu, hudhani mwanga umetosha na kujizima mapema, na mtu mweusi aliye mbele ya ukuta huo hutoka na giza. Kisha mhariri kwa haraka zake hunyanyua picha nzima, vivuli na ngozi pamoja, na ngozi iliyokuwa na wekundu na udhahabu wake hugeuka rangi ya majivu. Mwanga wa uso unyanyuliwe katika tabaka lake peke yake, na rangi yake iongezwe kidogo mwanga unapopanda, mpaka ngozi irudi ilivyo kwa mwenyewe. Lengo ni kumrudisha mtu kama alivyoonekana chumbani kabla ya flashi kuwaka, wala si kumpa ngozi ya mtu mwingine.

Siku hizi kazi hizi zimeanza kukabidhiwa mashine zilizofunzwa kwa picha nyingi. Mwaka 2020 wataalamu wa Berkeley na Google walitangaza utafiti wa kuondoa vivuli katika picha za sura, na kwa furaha yangu waliutenganisha mchakato wao katika mafungu mawili: vivuli vilivyotoka nje ya uso, ambavyo mashine iliviondoa, na vivuli vya uso wenyewe, ambavyo mashine ilivilainisha tu. Mwaka huohuo Google ilitia katika simu zake chombo cha kubadili mwanga wa uso baada ya picha kupigwa. Zana hizi hupunguza saa kuwa nukta chache za dakika, nazo zitazidi kuwa bora; lakini mashine hujaza kwa kukisia, na penye kitambaa chenye maua au kovu lililo la mtu tangu utotoni, yafaa mhariri alinganishe kazi ya mashine na picha ya asili kabla ya kuikubali.

Limebaki fungu moja la picha ambalo katika hilo yote niliyoyaeleza yawekwe kando, nalo ni la picha za pasipoti na viza. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika waraka wake nambari 9303 unaofuatwa na nchi karibu zote, linataka picha isiyo na kivuli usoni wala nyuma ya mtu, na kwa ajili hiyo wenye studio wengi hukimbilia programu kufuta kivuli cha ukutani. Lakini Marekani na Uingereza zimekataza waziwazi picha iliyobadilishwa kwa programu ya kompyuta, hata kama mabadiliko ni ya mandharinyuma tu, kwa kuwa mashine za mipakani hulinganisha uso wa msafiri na picha hiyo. Na gharama ya picha iliyokataliwa humwangukia mteja, ambaye pengine amesafiri kutoka mbali kuja kupeleka maombi yake. Nawasihi wenye studio: mteja wa pasipoti akitoka na kivuli, usifungue programu. Mwombe asimame tena, mita moja na nusu mbele ya ukuta, weka taa mbili moja kila upande au msogeze penye mwanga wa mlango, na umpige upya bila ya kumtoza zaidi.